Kaya Thelathini na Moja za Shikeng

Lai Boshun alipanda mlima peke yake, kapu mgongoni, ndani yake joho la ukuhani na picha za Watakatifu Watatu, miungu mikuu ya Tao. Zamani safari hii ilikuwa ya watu saba, wapiga ngoma na mpiga zumari wakimfuata nyuma. Sasa wapiga ngoma wamezeeka, na wanawe wawili wanashona viatu kiwandani. Ukuhani wa Tao, uliorithiwa vizazi vitano katika ukoo wao, hawautaki.

Kijiji cha Shikeng kilikuwa kimemwita, kama kila vuli, aje kuishukuru miungu na kukitakasa. Kwenye ua wa hekalu alimkuta mtu mmoja tu anafagia, Bibi Ruan Jinzhi.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine ndio mimi. Kaya ya mwisho ilihama mwezi wa nne. Usinikodolee macho, Mwalimu, wali upo."

Boshun akatundika picha, akawasha ubani, akasaga wino. Ibada ilidai waraka wenye majina ya kila kaya, usomwe kwa kupiga magoti kisha uchomwe, moshi uufikishe mbinguni.

"Nitaandika jina lako, Bibi."

"Andika kaya zote. Thelathini na moja."

"Waraka huu unasomwa mbele ya mbingu. Siwezi kuandika watu ambao hawapo."

"Hawapo kwa macho yako. Marehemu baba yako alituambia papa hapa kwamba Tao, ile Njia yenyewe, haionekani, na ndiyo inayobeba kila kitu. Au alikuwa anatupiga porojo ale kuku wetu?"

Boshun akacheka bila kutaka. Akachovya brashi.

Bibi akataja nyumba kwa nyumba, kuanzia kijitoni kupanda juu. "Zhong Delu, yule bahili wa chai. Andika tu, bahili naye ni mtu." Walipomaliza thelathini, akauegemea ufagio. "Langu liweke mwisho. Mwanangu anakuja keshokutwa kunichukua."

Boshun aliandika polepole. Aliimba sehemu yake na ya waitikiaji, akakanyaga hatua za nyota, nyayo zikifuata mpangilio wa nyota angani, kuuzunguka ua mtupu, huku Bibi akipiga ngoma kombokombo.

"Sauti imekukauka kama jogoo aliyekunywa siki!"

"Na wewe piga ngoma, usiiue!"

Waraka ukaungua. Wakala wakitazamana.

"Mwalimu, huko mjini kwa mwanangu, ghorofa ya kumi na saba, miungu inafika?"

"Inafika." Alijibu haraka mno, na wote wawili walilijua hilo.

Vuli iliyofuata hakuna aliyemwita. Siku ile ya ibada ilipofika, Boshun alishinda shambani akichimba magimbi, akijiambia kwamba mbingu inaijua Shikeng hata yeye asipokwenda. Alijiambia tena mchana, na tena jua lilipoinama, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Bado hakuwa ameyaamini maneno yake.