Mkwe Hapigiwi Kelele

Msambweni nzima inajua kwamba Luqman fundi ni mtu wa adabu. Waulize wauza samaki walioko barabarani, watakwambia kijana yule ana haya zake, hasa kwa mama mkwe wake. Akimwona Bi Mwanapili anakuja upande huu wa barabara, yeye huvukia upande wa pili, si kwa kumchukia, la, ni kwa kumstahi. Hali naye sinia moja, hamtazami usoni, na salamu humpa akiwa ameinamisha kichwa. Watu husifu. Nami nasema sifa nyingine ni heri usipewe, maana hii ya Luqman ilimgharimu mtu jicho, na mtu huyo hakuwa Luqman.

Kisa chenyewe kilianza na msumeno wa meza. Luqman aliupata Tiwi, kwa fundi mzee aliyeacha kazi, akauleta karakanani kwake kwa furaha ya mtu aliyeoa upya. Akamwita Chome, rafiki yake aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana kubwa kule Likoni, aje amsaidie kuufunga.

Chome hakuwasha kitu kwanza. Aliisawazisha meza kwa kuchomeka vibao chini ya miguu yake mpaka ikaacha kutikisika. Akapima ule ukuta wa chuma ambao ubao huuegemea wakati wa kupasuliwa, akahakikisha kwamba umelingana na msumeno mbele na nyuma. "Ukisogea ndani kwa nyuma, hata kidogo tu, ubao utabanwa," alisema. "Na ubao ukibanwa na meno hauendi mbele, unarudi." Akamwonyesha bapa la chuma lililosimama nyuma ya msumeno, ambalo kazi yake ni kuuzuia ubao usijifunge baada ya kupasuliwa. Akamwonyesha kifuniko cha kuyakinga meno, na kijiti cha kusukumia ili vidole visikaribie. Mwisho akamshika bega, akamsogeza ubavuni mwa meza.

"Hapa ndipo pako. Usisimame mkabala na meno hata siku moja. Mashine hii ikikasirika hurusha kwa huku tunakosukumia, si kwa kule ubao unakotokea."

Luqman alielewa vizuri sana, sitaki mtu aseme hakuelewa. Ila alitaka upande ule wa kusukumia, ambao mafundi huuita mdomo wa mashine, uelekee mlangoni, na mlango ulielekea barabarani. Chome akamwambia mlangoni huingia watu. Luqman akauliza mbao ndefu ataziingizia wapi. Kweli mbao ndefu zilikuwapo, lakini hiyo haikuwa sababu. Alitaka wapita njia waione mashine yake. Chome akaguna, akakaza skrubu, akaenda zake.

Mambo yakaenda vizuri, na mazoea yana taabu. Siku moja Luqman alihitaji kuchimba mfereji kwenye mbao za kabati, kazi ambayo haifanyiki na bapa na kifuniko vikiwa mahali pake. Akavitoa, akavitundika msumarini, akasema atavirudisha kesho. Kesho ya fundi unaijua. Vikakaa pale msumarini, na kazi zikaendelea.

Sasa Bi Mwanapili. Huyu ni mjane anayekaanga mahamri na viazi vya karai barazani kwake, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi, hana anayemwogopa. Jiko lake lilikula vipande vya mbao vya karakana ya mkwewe, na mwenye kuvifuata ni yeye mwenyewe na beseni lake. Vipande vyenyewe vilirundikwa karibu na mlango, nyuma ya mahali Luqman anaposimama. Yaani mbele kabisa ya mdomo wa mashine.

Mashine ikiwa imezimwa, mambo yalikuwa mepesi. Hodi, karibu mama, shikamoo, marahaba mwanangu, kisha Luqman hutoka nje akangoja mpaka mama amalize. Taabu ilikuwa mashine ikinguruma. Hapo mtu hasikii ila kwa kupigiwa kelele, na mkwe hapigiwi kelele. Ataanzaje? Atamwambia nini, toka hapo mama? Barabara nzima isikie Luqman akimfukuza mama mkwe kwa ajili ya vipande vya kuni?

Utasema, si angezima tu. Naam, angezima. Swichi ilikuwa chini ya meza, karibu na goti lake, haikuhitaji hata mkono. Lakini alijiambia kwamba kuzima ni kama kumwonyesha mama kuwa kuja kwake ni udhia. Basi yeye alikuwa akiendelea kupasua, macho kwenye ubao, na mama mkwe akiendelea kuokota nyuma yake, na kila mmoja akidhani anamstahi mwenziwe.

Siku ya siku, Sharif wa Shimoni alikuwa amekuja kuangalia fremu za milango aliyoagiza. Alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, akiistaajabia mashine. Luqman naye akazidi kujipendeza. Alikuwa akipasua ubao wa mwembe ambao haujakauka sawasawa, na mwembe mbichi ukiupasua hujifunga wenyewe. Kwa pembe ya jicho akaiona leso ya mama mkwe wake ikiingia. Akamwona akiinama.

Kabla hajaokota kitu, Bi Mwanapili aliinua uso, akamtazama. Alikuwa akiuliza kwa macho, kama mtu aulizavyo mlangoni, nipite? Macho yao yakakutana, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu siku ya posa. Luqman alijua wakati ule ule kwamba pale si mahali pa kusimama mtu. Alijua bapa liko msumarini. Yote aliyajua. Akaona haya, akayainamisha macho yake kwenye ubao, akasukuma.

Ubao ukajifunga. Meno yakaushika, yakauinua, kipande kikamchomoka mikononi kikapita ubavuni mwake. Yeye mwenyewe hakikumgusa, kwa sababu alikuwa amesimama pale pale alipofundishwa kusimama. Alisikia kishindo kimoja nyuma yake, na beseni likaviringika mpaka nje.

Bi Mwanapili aliketi chini polepole, kiganja usoni, na damu ikipita kati ya vidole. Hakulia. "Mwanangu," alisema, "sioni vizuri."

Luqman ambaye hakuwahi hata kumpa mkono mwanamke yule alimbeba mzimamzima, akatoka naye barabarani, akasimamisha tuktuk kwa kifua chake. Kufika hospitali, kanzu ya Sharif aliyekuwa akimsaidia na shati lake yeye vilikuwa vimelowa. Madaktari walifanya waliloweza. Jicho la kulia lilikuwa zima. La kushoto wakasema halitaona tena.

Hapo ndipo fedheha ya Luqman ilipoanza, na ilianza kwa njia ya ajabu, kwa sababu hakuna aliyemlaumu. Sharif aliwasimulia watu wote pale hospitalini jinsi mashine ilivyorusha yenyewe, na jinsi kijana alivyoacha kila kitu akambeba mkwewe bila kujali. Wazee wakasema ajali haina kinga. Twaiba, mkewe, alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akamshika mumewe mkono akamwambia, "Lau si wewe, mamangu angekuwa maiti." Luqman akaitikia alhamdulillahi. Aliitikia hivyo kwa kila aliyemjia, na kila akiitikia alitamani ardhi ipasuke.

Ila kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kudanganyika. Bi Mwanapili alimwona akimwona. Aseme neno moja tu kwa Twaiba, na ile nyumba haitakuwa nyumba tena. Mke gani atalala na mtu aliyemtazama mamake akiwa mbele ya msumeno, akanyamaza?

Mama akarudishwa kwake, watu wakaenda kumjulia hali, na Luqman hakwenda. Alipeleka matunda, alipeleka unga, alipeleka kila kitu isipokuwa uso wake. Jioni moja alijikaza akafika mpaka kwenye ua wa makuti wa mama mkwe, akasikia sauti yake ndani ikiomba maji, akageuka. Wanawake waliokuwa kisimani walimwona. Unadhani walisema nini? Walisema, jamani, anaona haya hata kuingia, mkwe kama huyu siku hizi hapatikani. Maneno hayo yalimfikia kabla hajafika nyumbani. Bora wangemtukana.

"Mama amekuulizia," Twaiba alimwambia siku moja akimpakulia chakula.

"Ameuliza nini?"

"Amekuulizia tu, hujambo. Mbona umeshtuka?"

Akasema hakushtuka. Wali ukamshinda.

Akamwita Chome tena. Waliigeuza mashine, mdomo ukaelekea ukuta mtupu, na vipande wakavihamishia upande mwingine. Chome alilitungua bapa kutoka msumarini, akalifuta vumbi kwa kiganja, vumbi jingi, akalitazama, akamtazama mwenziwe. Luqman alikuwa amejiandaa kujitetea. Chome alilifunga bapa mahali pake, akafunga na kifuniko, akapima ukuta wa chuma mbele na nyuma kama siku ile ya kwanza, akaaga. Angalau angemkemea, Luqman angepata la kujibu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja alikuwa akipasua mbao za rafu, akahisi mtu mlangoni. Bi Mwanapili alikuwa amesimama pale na beseni lake, mtandio ameushusha upande wa kushoto. Hakuingia. Luqman akabonyeza swichi kwa goti. Msumeno hausimami mara moja ukizimwa, huendelea kuzunguka kwa muda, na wote wawili wakangoja mpaka ulipotulia. Alitamani usitulie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuongeza mwanangu. Luqman akachukua kofia yake atoke nje, kama ilivyo desturi.

"Leo usitoke," Bi Mwanapili alisema. "Nitazame."

"Mama..."

"Nitazame, Luqman."

Akainua macho. Kope ya kushoto ilikuwa imefumba na kubonyea, na kovu lilipanda mpaka kwenye nyusi. Jicho la kulia lilikuwa wazi, linamtazama. Aligundua kwamba kinywa chake ni kile kile cha Twaiba, na kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujua. Haya zilimpanda mpaka masikioni, lakini hakuyaondoa macho.

"Siku ile uliniona?"

Pale hapakuwa na mwingine wa kusikia. Angeweza kusema vumbi lilikuwa jingi. Angeweza kusema alidhani mama ameshatoka. Msambweni nzima ilikuwa imeshamkubalia uongo ambao hata hakuusema, kwa nini huyu mmoja asimkubalie?

"Nilikuona, mama."

"Nami nilikuona ukiniona."

"Na kile chuma cha kuzuia ubao nilikuwa nimekitoa mimi mwenyewe. Na Chome alinikataza nisiielekeze mashine mlangoni. Makosa ni yangu yote."

"Hayo ya chuma mimi siyajui, utayajibu kwa wanaoyajua," alisema Bi Mwanapili. "Mimi nauliza langu. Ulijua pale ni pabaya?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya, mama. Wewe ni mkwe wangu. Sikuweza kukupigia kelele."

Bi Mwanapili aliliegemeza beseni nyongani, akavuta mtandio, ukateleza tena, akauacha. Luqman alidhani yamekwisha. Alidhani sasa atamwambia nimekusamehe, au atamwambia namwita Twaiba, na kwa lolote kati ya hayo mawili alikuwa tayari.

"Mamako mzazi, Mungu amrehemu," alisema, "angekuwa ndiye aliyeinama pale, ungefanyaje?"

Jibu Luqman alilijua. Angemfokea mamake mpaka sokoni wasikie. Angemvuta kwa mkono, angemwambia mama wewe una wazimu, na mamake angemjibu kwa tusi zito kuliko hilo, na wote wawili wangecheka. Wala asingefikiri nani anasikia barabarani.

"Ningempigia kelele, mama."

Bi Mwanapili akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Nami nimekaa miaka yote hii," alisema, "nikiwaambia watu kwamba Mungu hakuninyima mtoto wa kiume."

Akageuka na beseni lake tupu, akaipapasa fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, akatoka. Luqman alibaki kando ya meza. Barabarani alisikia mwanamke mmoja akimsalimu mama, akimwuliza anatoka wapi, na mama akajibu kwa sauti ile ile ya siku zote kwamba anatoka kumwona mkwe wake.