Mnyororo wa Katikati ya Daraja

Simu ilisema kaka yake ni mgonjwa. Yule fundi cherehani akafunga kibanda chake, akabeba dawa za maumivu na maneno makali aliyoyatunza moyoni miaka sita, akashika njia ya mpakani. Mama yao alipofariki, kaka hakuja kumzika. Alisema tu kwenye simu kwamba angekuja mambo yakikaa sawa, halafu kimya.

Safari ilimla siku tatu, mbili za mwisho juu ya lori la saruji, maana basi lilishindwa na matope. Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja: maduka ya mabati yaliyokula kutu, ofisi ya uhamiaji, gesti ya vyumba sita, na msitu ulioanzia nyuma ya vyoo. Mvua ilinyesha bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Mama mwenye gesti, aliyepiga ile simu, alimpa taulo na chai. Akamtania kwamba pale simu hushika mtandao wa ng'ambo. Ukitaka wa nyumbani, upande juu ya tangi la maji. Mgeni akatabasamu, akauliza mgonjwa yuko chumba gani.

Mama yule akavuta kiti, akakaa.

"Pole, mwanangu. Alitutoka Jumanne."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wakwe zake walimvusha mto wakamzika kwao, na kesho yake daraja likafungwa kwa sababu ya homa iliyozuka ng'ambo. Fundi hakulia. Aliuliza wakwe gani. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba kaka ana mke.

Asubuhi alikwenda uhamiaji kuomba avuke japo alione kaburi. Ofisa, mtu mzima mwenye macho ya usingizi, alimwambia amri imetoka juu, hana la kufanya. Lakini alisema kaka yake anamjua vizuri. Nani asiyemjua yule mziba pancha wa malori? Akamweleza polepole, huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mafuriko yaliichukua nyumba pamoja na kitambulisho. Kaka alipoomba kingine, huku walimwambia ameoa ng'ambo, akaanzie huko. Ng'ambo nao wakasema si wao. Bila kitambulisho hakuna kupita vizuizi vya barabarani. Alijaribu mara tatu.

"Mara ya pili tulimweka mahabusu wiki mbili," alisema ofisa. "Alidai anakwenda kumzika mama yake. Wengi husema hivyo."

"Miaka sita iliyopita?"

Ofisa aliacha zile karatasi. "Mimi ndiye niliyemwandika kitabuni."

Fundi akakaa kwenye benchi la ukutani. Ofisa akachukua kofia yake, akasema anaweza kumfikisha kwenye mnyororo wa katikati ya daraja, dakika kumi, asiguse kitu wala mtu. Mama wa gesti akampigia simu mjane.

Mjane alikuja na binti wa miaka kama mitano, akasimama hatua chache upande wa pili wa mnyororo. Alikuwa mdogo kuliko fundi alivyodhania, na amekonda. Walipeana pole. Mtoto akaambiwa amwamkie shangazi yake. Akaamkia, kisha akajificha nyuma ya mama. Chini yao mto ulikuwa mwekundu, umebeba magogo.

"Wifi," mjane alisema, "hata siku za mwisho alikuwa anahofia mlimkasirikia. Mlimkasirikia?"

Fundi alimtazama mtoto.

"Hapana, wifi. Tulijua amekwama. Hakuna aliyemkasirikia."

Mjane akafumba macho, akashusha pumzi. Hapo ofisa akakohoa, nao wakaagana bila kushikana mikono.

Nyumbani, ndugu walipokusanyika kwa matanga, aliwasimulia yote. Mjomba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwanamume akitaka kumzika mama yake hufika, hata kwa kutambaa. Wengine wakaitikia. Wiki iliyotangulia na yeye angeitikia. Sasa alinyanyuka, akatoka, akaketi barazani peke yake mpaka watu wote wakatawanyika.