Kahawa ya Povu

Bia yenyewe wapiganaji walikuwa wameipora bandarini, na baada ya wiki mbili juani hata walioiiba hawakuweza kuimeza. Barafu haikuwapo Kismayo tangu umeme ulipokatika. Basi kamanda, kijana wa miaka thelathini hivi aliyejikaribisha nyumbani kwa watu na kukitwaa kitanda chao, akamwita mwenye nyumba.

"Eedo," alisema, akimwita Khamisa shangazi kwa Kisomali, kana kwamba adabu ilikuwa imebaki. "Mji mzima unaisifu kahawa yako. Mimi siku ya nne hii sijalala, na adui yuko ng'ambo ya mto. Nataka kinywaji kimoja kinifanye nikeshe na kinitie moyo. Changanya kahawa na bia. Kikinyweka, mzee wako namwachia adhuhuri hii, mwende zenu kisiwani Koyama."

Mzee wake, Shee, alikuwa stoo, amefungwa kwa kamba ya nanga yake mwenyewe, kwa kuwa alikataa kusema alikoificha mashine ya mashua. Wabajuni kama wao hawakuwa na bunduki wala ukoo wa kuwapigania, kwa hivyo kila aliyepita na silaha alijichotea.

Khamisa alikuwa ameuza kahawa miaka ishirini, wala hakuwahi kunusa bia. Aliishika chupa kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza aliimimina kwenye kahawa ya moto. Povu likafura, likamwagika, likazima makaa. Mara ya pili aliipoza kahawa kwanza, lakini ikanuka maji ya kuoshea vyombo. Kuonja hakuonja. Alipima kwa pua tu.

Mara ya tatu aliichemsha kahawa na tangawizi na iliki mpaka ikawa nzito, akatia sukari yote iliyobaki, akalizungushia birika gunia bichi mpaka likapoa. Kisha akaimimina bia polepole, ikiteleza ukingoni. Povu likatulia juu, la rangi ya hudhurungi, likanukia vizuri. Kwa kitambo kidogo Khamisa alifurahi, kama anavyofurahi fundi yeyote, halafu akaionea haya furaha yake.

Alipopita mlangoni pa stoo na birika, Shee alimwita kwa sauti ya chini. "Wape wanwe wao. Weye usinwe kichu hicho, Khamisa."

"Sinwi," alijibu.

Kamanda alikuwa mkekani na walinzi wawili. Khamisa akamimina, akampa kikombe. Kamanda hakukipokea.

Pale Kismayo mpika kahawa hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wageni, wajue ni safi. Kwa miaka ishirini Khamisa hakuwahi kuiruka ada hiyo. Leo mkono wake ulikuwa umempelekea mgeni moja kwa moja, na hata yeye hakujua ameteleza mpaka alipoona macho ya yule kijana.

"Anza wewe," kamanda alisema.

Alikitazama kikombe. Miaka hamsini na mbili haramu haijapita kooni mwake. "Leo nimefunga, mwanangu," alisema.

Asubuhi ile ile kamanda alikuwa amemwona akila muhogo. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alimtazama mlinzi mmoja, akainua kidevu kuelekea stoo, na mlinzi akaondoka na bunduki yake.

Hapo Khamisa akaelewa. Alikigugumia kikombe chote. Akalinyakua birika, akanywa kwenye mdomo wake, povu likimchuruzika kifuani. "Nimekunywa," alisema. "Mwite mtu wako. Nimekunywa."

Mlio wa risasi ulisikika akiwa bado anameza.

Kamanda hakugeuka. Alikaa akimchunguza Khamisa, akingoja aanguke. Khamisa hakuanguka. Alikaa pale pale, uchungu wa bia ulimini, huku kitu kilichokuwa mume wake kikiburutwa uani.

Kijana akajimiminia nusu kikombe. Akaonja, akaonja tena, akafuta povu kwenye masharubu.

"Kumbe ni nzuri," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Si ungekunywa tu, eedo."