Nyota Aliyoing'oa Lusajo

Sia alipoiona picha kwenye kompyuta ya Lusajo, aliinamia kioo kuitazama kwa karibu. Wote wawili walikuwa wakisomea fizikia Guangzhou, China, na walikuwa wamepanda mlima nje ya jiji pamoja kupiga picha ya wingu la gesi lililo jirani na nyota moja kali. Mwanga wa nyota hiyo ulikuwa umetanda duara kubwa juu ya wingu, na Lusajo aliahidi kulipunguza.

Hakulipunguza. Aliiachia programu ya kuhariri picha iing'oe nyota nzima, na palipobaki tundu programu ikachora moshi wake yenyewe, mwekundu, laini kama sufi.

"Huu moshi umetoka wapi?" Sia aliuliza.

"Mei wenti, dada, hakuna shida. Nani atajua? Tazama ulivyopendeza."

"Haupo angani, Lusajo! Umechora uongo, halafu ukaweka na jina langu."

Lusajo alicheka, akaendelea kula tambi. Sia aliutazama ule mdomo unaong'aa mafuta, akashindwa kukaa. Alichukua picha ghafi, zile za mlimani ambazo hazijahaririwa, akarudi chumbani kwake mtaa wa Sanyuanli, akatumia zile zilizopigwa kwa sekunde chache, ambazo nyota haikuwaka sana, kuupunguza mwako taratibu. Nyota ilibaki mahali pake, na duara hafifu likabaki pia.

Siku ya maonyesho ya idara, watu walijazana mbele ya moshi wa Lusajo wakipiga makofi. Sia alimwomba msimamizi alifute jina lake yeye chini ya picha ile, kisha akatoka bila kumuaga mtu.