Madabodi Yenye Taa

Madabodi ya kompyuta ya nyumbani, ule ubao mkuu unaounganisha vyote vya ndani, ilikufa Mkasi akiwa katikati ya kuhariri video ya harusi ya watu. Harufu ya plastiki iliyoungua ilitoka kwenye kasha, skrini ikawa nyeusi, na bibi harusi akabaki hapo hapo mlangoni na shela lake.

Mkasi ni jina alilobandikwa mtaani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata na kuunga video za sherehe. Alikuwa binti wa maneno machache. Hata wateja aliwasalimu akiangalia viatu vyao. Na harusi ile haikuwa harusi ya hivi hivi. Mwenye ukumbi mkubwa alikuwa amempa kama jaribio: ikitoka safi, na ikatoka kwa siku waliyopatana, harusi zote za ukumbi ule zingekuwa zake. Angepumzika kubembeleza wateja, shughuli iliyomtoa jasho kuliko kazi yenyewe.

Pesa ya kununua madabodi nyingine alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kaka yake mkubwa, Roketi, ambaye kila jioni aliikalia kompyuta ile ile kushindana michezo na wenzake. Katika nyumba yao, mambo ya ndani ya kasha yalikuwa ya Roketi. Mkasi alibonyeza, Roketi alifungua. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kwa hiyo walikwenda dukani pamoja.

Muuzaji aliweka madabodi mbili juu ya kaunta. Zote zingeipokea prosesa yao, ubongo wa mashine, ambayo ilikuwa bado nzima. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, kavu, haina mbwembwe. Ingeiendesha prosesa kwa mwendo wake wa kiwandani, basi. Ya pili ilikuwa na vipoza joto vinene kama vidole gumba na taa za rangi pembeni, nayo ingeruhusu prosesa ikimbizwe kupita mwendo huo. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Muuzaji hakuficha. Kwa kazi ya video, alisema, yeye angechukua ile ya bei ya chini, pesa inayobaki akaongezea memori, maana hapo ndipo mashine yao ilipokuwa ikihema.

Mkasi alikuwa ameshawaza hivyo hivyo. Aligusa boksi la ile ya chini kwa kidole.

"Kuipa prosesa hii kitu hicho ni kumvalisha mkimbiaji viatu vya mvua," alisema Roketi, na muuzaji akacheka. "Mdogo wangu, mimi nafikiria kazi yako. Mashine ikikimbia, na wewe unamaliza mapema. Au unataka uzeeke hapo unaangalia asilimia zinavyopanda?"

Mkasi alisema watarudi.

Nyumbani, Roketi alimsimulia mama yao kwa namna ambayo ile madabodi ya chini ilionekana kama mali ya wizi. Mama hakuelewa hata nusu, lakini alimfuata Mkasi jikoni, akasimama karibu naye.

"Kaka yako hana kazi, mwanangu. Hiyo michezo yake ndiyo kitu pekee kinachomtuliza hapa nyumbani. Usimvunje moyo kwa sababu ya bei."

Mkasi alitaka kusema kwamba na yeye ana moyo. Akaosha kikombe kilichokuwa tayari kisafi.

Wakanunua ile ya taa.

Roketi aliifunga kwa mikono ya mapenzi, hilo hakuna wa kumnyima. Akapandisha mwendo wa prosesa, akaendesha jaribio lake, likamletea namba kubwa kwenye skrini. Aliipiga picha ile namba akawatumia wenzake, wakamsifu mpaka simu ikapata joto. Mama naye aliitwa aje azione taa. Akasema zinapendeza.

Lakini jaribio la Roketi lilichukua muda wa kuchemsha chai. Kuitoa harusi nzima, yaani kuigeuza kuwa video moja iliyokamilika, kulichukua asubuhi nzima, prosesa ikiwa imekabwa koo mwanzo hadi mwisho. Mkasi alipoanza, mashine ilizidiwa na mwendo ule, ikazimika katikati. Akaanza upya, ikazimika tena. Akamwomba kaka yake airudishe kwenye mwendo wa kiwandani, angalau mpaka kazi hii iishe. Roketi aliinama kwenye kibodi, akabonyeza hapa na pale, akainuka.

"Tayari. Furahi sasa."

Mkasi akashukuru. Safari hii video ilifika mwisho, na kwa kuwa siku ya miadi ilikuwa imeshafika, aliitazama mwanzo wake tu akakimbia nayo ukumbini.

Mwenye ukumbi aliiweka kwenye skrini kubwa ya ukutani. Bibi harusi alifika mlangoni, akainua shela, na uso wake ukavunjika vipande vya kijani. Sauti ikakwaruza kama redio mbovu. Kisha picha ikarudi, na yeye ameshapita.

"Binti, hii siwezi kuwapa wenye harusi," alisema yule mzee, bila ukali. Mkasi alitaka kuomba siku moja zaidi, ila aliishia kuangalia viatu vya mzee. Mzee alikuwa tayari anampigia simu mtu mwingine wa video.

Roketi alipoambiwa, alitikisa kichwa kama daktari. Pawasaplai, alisema, kile kifaa kinachoipa mashine umeme. Angenunua na pawasaplai ya maana asingeaibika, ila ubahili wake anaujua mwenyewe. Mama akasema yaishe. Roketi akatoka kwenda kwa wenzake.

Ndipo Mkasi, kwa mara ya kwanza, aliingia mwenyewe kwenye mipangilio ya madabodi. Mwendo ulikuwa ule ule wa siku Roketi alipoipiga picha namba yake. Haukuwahi kuteremshwa. Akauteremsha hadi wa kiwandani, mwendo ambao hata ile madabodi kavu ingempa, akaitoa harusi upya. Aliitazama yote. Bibi harusi aliingia na uso wake mzima, akacheka, akapita, wala hakuna tena mteja aliyekuwa akimngoja.

Jioni mama alichungulia kuuliza kama amemaliza, kaka yake anataka kukaa. Mkasi akasema amemaliza, akainuka.

Roketi alicheza kidogo, akakunja uso. "Mbona nzito? Umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, kaka," alisema Mkasi, akiangalia viatu vya kaka yake.

Roketi akaizima, akaiwasha, akaurudisha ule mwendo wake.