Filimbi na Mkutano wa Mabingwa

"Na hiyo tai umeinunua ya nini?" mama yake Filimbi alimuuliza mumewe, na ugomvi ulioanzia kwenye ngazi za hospitali ukaingia nao wodini.

Mume alisema tai shingoni ni heshima. Mkutano wa mabingwa wa upasuaji wa watoto si harusi ya jirani; wageni wangetoka nje ya nchi, na yeye, baba wa mgonjwa, alishaahidiwa kiti cha mbele. Mkewe akamjibu kwamba kiti cha mbele hukaliwa na watu wa matanga pia.

Mtoto mwenyewe alikuwa kitandani, akivuta pumzi kwa mluzi mwembamba. Alizaliwa nao. Ukoo mzima ukamwita Filimbi na kuona ni kichekesho. Bibi yake mzaa baba alikuwa akimwita sebuleni wageni wamsikie. Zahanati ya mtaani ikasema ni pumu, wakampulizia dawa ya pumu mpaka akafika miaka minne. Pumu haikupona, kwa kuwa haikuwapo.

Kisha kipande cha ndizi kilimkwama akabadilika rangi midomo, wakamkimbiza hospitali hii kubwa. Picha zikasema kweli: mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulikuwa umegawanyika mara mbili, ukalizunguka koo la hewa pamoja na la chakula, ukavibana kama pete iliyokataa kutoka kidoleni. Tiba yake ni kisu. Ukatwe upande mwembamba wa pete, koo lipate nafasi. Ugonjwa adimu, waliambiwa, na hilo neno "adimu" ndilo lililoharibu kila kitu.

Maana kitu adimu hakipasuliwi hivi hivi, kwanza huonyeshwa. Mkuu wa upasuaji, aliyeitwa Bingwa hata na mkewe, alileta wanafunzi kila asubuhi, wakapanga foleni kumsikiliza kifua. Filimbi naye akazoea kazi. Akiona koti jeupe tu, anainua kidevu na kupuliza kwa nguvu. Siku moja alimpulizia fundi wa rangi mwenye koti jeupe aliyekuja kupima ukuta. Nyumbani bibi alikuwa hashikiki. Jirani akitaja ugonjwa wa mjukuu wake, bibi humuuliza kwa huruma, "Wa kwako ni mafua tu?"

Na sasa Bingwa alitaka upasuaji usubiri mwezi ujao, ufanyike wakati wa mkutano, wageni wakiutazama kwenye skrini. Baba alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Mama ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto uji mwepesi kwa kijiko cha chai, akimkalisha wima usiku kucha, akihesabu mashavu yanavyopungua.

Bingwa aliingia akinukia manukato, akawaeleza kwamba asubuhi ile Filimbi angepigwa picha ya tatu. Ndiyo sababu hakupewa kitu tangu jana: lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na tumbo liwe tupu. Mama akauliza ile ya pili ilikuwa na kasoro gani. Haikuwa na kasoro ya kitabibu, Bingwa alisema, ila kwenye skrini kubwa isingependeza.

"Na akikabwa kabla ya mkutano wenu?"

"Subira huvuta heri," mume alidakia.

"Subira ya koo la nani?"

Mume akaishika tai yake, akainyoosha.

Hapo akachungulia mpasuaji mwingine, mwanamke mfupi ambaye wauguzi walimwita Mama Kisu kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na makali. Alikuwa na hasira zake. Alimwambia Bingwa kwamba mgonjwa wake wa asubuhi ameahirishwa. Bibi wa mtoto huyo alimwonea huruma akamnywesha maziwa. Chumba cha upasuaji kiko wazi, daktari wa usingizi amekaa anapiga miayo.

Alikuwa anageuka aondoke. Mama yake Filimbi akamzuia mlangoni.

"Dada, pete kama hii umeshawahi kuikata?"

"Nimekata kadhaa. Ya mwisho, mwenzangu huyu ndiye aliyeshika kamera."

Bingwa alicheka peke yake. Mama akaendelea kana kwamba hakumsikia: mtoto hajala, chumba kipo, mpasuaji yupo, kunakosekana nini? Mama Kisu hakukimbilia kujibu. Alimpima Filimbi joto, akamsikiliza mgongo, akaziinua zile picha mbili dirishani, akauliza kama damu ya akiba imetengwa. Imetengwa, muuguzi alisema, tangu wiki iliyopita.

"Hizi zinanitosha. Naweza," Mama Kisu alisema. "Ila sikufichi, mshipa wa damu si uzi wa nguo. Hatari ipo."

"Ipo hata kwenye kijiko," mama alisema. "Lete karatasi."

Mume alishtuka, akasema jambo zito kama hili lazima kwanza liitiwe kikao cha ukoo, na mama yake apigiwe simu.

"Kikao kilishakaa," mkewe alimwambia, kalamu tayari mkononi. "Kikachagua tai."

Akatia sahihi. Bingwa, ambaye sasa manukato yake yalikuwa yamechanganyika na jasho, aliuliza wageni wa watu wataonyeshwa nini.

"Waonyeshe kovu," mama alimjibu.

Aliondoa breki za kitanda mwenyewe, akaanza kukisukuma. Gurudumu moja lilikuwa bovu, kitanda kikaelekea ukutani. Hakugeuka nyuma, alisema tu, "Baba Filimbi, shika upande huo." Mume alitazama huku na huku, kisha akashika, tai ikining'inia juu ya mtoto. Filimbi akaidaka, akaivuta kama kamba ya kengele mpaka mwisho wa ujia.

Mlango wa upasuaji ulifunguliwa. Watu wa makoti wakajipanga. Filimbi akaiachia tai, akainua kidevu, akajaza kifua tayari kuwapulizia.

Mama alimfunika mdomo taratibu kwa kiganja.

"Hawa usiwapulizie, mwanangu. Hawa wanakwenda kufanya kazi."

Akakiachia kitanda.