Dai la Nne Limeondolewa

Wakili Raihana alitueleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Shirika la serikali lililotubomolea nyumba zetu hapa Timbwani ili lijenge yadi ya malori sasa limekubali kuzungumza. Litatulipa nyumba na minazi yetu bila kungoja hukumu. Ila kwanza dai la nne liondolewe kortini, kwa ridhaa ya pande zote.

Dai la nne lilikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la kaburi la mwanangu.

"Dada Kanze, wallahi sikufichi," akasema Raihana. "Hapana alama, hapana cheti, hapana shahidi. Na washasema, hili likibaki hawamlipi yeyote."

Shahidi yupo. Alikuwa amekaa ubavuni mwangu: mama mkwe wangu, Kadzo. Kwetu, mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, na jambo hilo halisemwi mbele ya wanaume. Kadzo ndiye aliyechimba. Mimi nilikuwa kitandani, sina nguvu hata za kulia. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza mtoto alilazwa wapi. Watu wa shirika walipokuja kuhesabu makaburi, wanaume wetu ndio waliowatembeza. Wakaonyesha ya wazee, yakahamishwa kwa heshima zote. Langu nani angelionyesha? Mimi nilikuwa jikoni, nawapikia wageni chai! Nilipopata ujasiri wa kuvunja mwiko na kumwambia wakili, shirika lilikuwa limeshazungusha ua na kufunga lango.

Majirani wakanigeukia. Wengine wamehifadhiwa na ndugu huko Mikindani, familia nzima chumba kimoja. Mzee Mwarandu, mwenyekiti wetu, akakohoa, akasema wengi wape. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa miongoni mwa wengi. Niliwachukia wote, na sikuweza kuwalaumu, maana hata wanangu wawili waliobaki wanalala kwa watu.

Nikamwita Kadzo pembeni. "Mama, nakuomba useme mara moja tu. Jaji mwenyewe ni mwanamke."

"Mwanangu, nikilisema nitawaitia mauti hawa wajukuu wangu wawili. Ndivyo nilivyofunzwa." Akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Hasira zikaniishia, na hasira ndizo zilizokuwa zikinisimamisha.

Kortini mambo yalikwenda mbio. Jaji aliuliza kama mwenye dai yupo, na kama anaridhia bila kulazimishwa. Wakili wa shirika, kijana mpole, alinitazama kwa huruma. Heri angenitukana.

"Naridhia," nikasema, na jaji akaandika.

Tulipotoka nikamwuliza Raihana, "Yadi ikishajengwa, naweza siku mojamoja kuomba ruhusa niingie, nisimame pale tu kidogo?"

Akanishika mkono. "Utaomba kwa sababu gani, dada? Katika makubaliano tumesema pale hapana kaburi."

Hilo nalo nilikuwa nimeliridhia. Majirani wakaja mmoja mmoja kunishukuru, wakiniombea Mungu anizidishie. Nikawaitikia wote, kisha nikatafuta pa kumlilia mwanangu, sikupata.